Siku Arobaini za Pangaboi la Baba

Watu wa siku hizi wanabonyeza ukutani, taa inawaka, wanaendelea na mazungumzo yao. Hawana hata adabu ya kushangaa. Sisi pale Vihingo taa yetu ya kwanza ilitegemea upepo, na upepo ni kiburi mtupu: ukiuhitaji hauji, ukianika ufuta uani ndio unakumbuka njia. Nimeishi nikaona umeme wa serikali ukija na nguzo zake na kukatika kwake, lakini sijaona tena nyumba inayokaa kutazama matawi ya mikorosho ili ijue kama itafurahi siku hiyo au itanuna.

Baba alikuwa fundi kwenye shamba la mkonge upande wa Kibaha. Kazi yake ilikuwa kuangalia korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge zikabaki nyuzi tupu. Siku moja korona ikamchukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Mgiriki aliyesimamia shamba akamwambia aende nyumbani akapumzike, na kila mtu anajua mapumziko ya namna hiyo hayana mwisho. Kama pole, akaruhusiwa kuchagua chochote kwenye rundo la vyuma chakavu. Mwingine angechukua mabati. Baba alirudi nyumbani akisukuma baiskeli, nyuma amefunga dinamo ya lori lililokufa na betri moja nzito kama mtoto wa miaka mitano.

Bibi, mama yake baba, tulikuwa tunakaa naye. Alimtazama mwanawe mkono uliofungwa kitambaa, akayatazama yale machuma, akasema, "Umekwenda na vidole kumi, umerudi na vinane na takataka. Mwanangu, huko Kibaha mmekutana na wajanja." Mama alicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia. Baba alikuwa mtu wa kununa, na lazima niliseme hili mapema, kwa sababu yote yaliyotupata yalipitia mlango huo. Hakupiga mtu, hakutukana, lakini neno likimwingia lilikaa ndani yake likaota mizizi.

Kaka yangu, kifungua mimba, wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye tezo lake na kazi zake za kuchonga milango. Baba alimchorea mchangani kitu alichokiona siku moja juu ya nyumba ya mzungu: panga la ubao lenye mbawa mbili, lililozunguka kwa upepo na kufua umeme. Kaka akachonga la kwanza kwa mninga. Likapendeza, ila lilikuwa zito, lingetaka kimbunga. La pili akalichonga kwa mkenge, mti mwepesi, urefu wake kutoka ncha hadi ncha ulizidi kimo cha baba. Wakaliunganisha na dinamo kwa gurudumu lenye meno na cheni ya baiskeli, ili panga likizunguka mara moja, dinamo izunguke mara nyingi. Nyuma wakafunga mkia wa bati wa kuligeuza lifuate upepo. Wakasimamisha mlingoti karibu na jiko, wakaupigilia vipande vya miti vya kukanyagia. Watu wakaliita pangaboi, kwa sababu waliowahi kufanya kazi kwenye nyumba za wakubwa mjini waliyajua mapangaboi ya kupunga hewa. Bibi akasema hilo letu ni pangaboi lililokosa akili, linapungiwa na upepo badala ya kumpungia mtu.

Siku ya kwanza ya kuwasha hatukungoja giza. Upepo ulikuja adhuhuri, tukafunga madirisha ya chumba cha baba, tukaziba nyufa kwa khanga, tukasongamana ndani. Globu ya taa ya lori ilianza na wekundu hafifu, kisha ikawa njano, kisha nikaona nyuso za watu wa nyumba yetu wote kwa pamoja, mchana ndani ya giza tulilojitengenezea. Mama alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Bibi akainama kutazama chini ya globu, akauliza mafuta yanawekwa wapi. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Sikuwahi kumwona baba akitabasamu vile, na kwa kweli sikumwona tena.

Kisha vita vya pili vikafika mpaka kwetu. Walitaka madereva na mafundi, na kaka alikuwa ameshajifunza lori kule kwenye mkonge kupitia baba. Akaandikishwa bomani Kisarawe. Baada ya muda tukaambiwa wamevushwa bahari, wako Burma. Hakuna aliyejua Burma iko wapi. Mwalimu wa madrasa alituonyesha upande kwa kidole, na kwa miaka miwili mama kila akianua nguo alitazama upande huo, juu ya miembe ya jirani.

Yule Mgiriki, sijui ni huruma au ni kutaka kuondoa uchafu, alituletea redio. Mchwa walikuwa wamekula sanduku lake, yakabaki matumbo. Baba akaitengenezea sanduku jipya la mbao, likakaa juu ya meza na kufunikwa kitambaa kilichodariziwa. Redio ile ilikula umeme wa betri kuliko taa. Kwa hiyo ilibidi kuchagua, na aliyechagua ni mama. Yeye aliyeipenda taa kuliko sote ndiye aliyesema isiwashwe tena. Umeme wote uhifadhiwe kwa ajili ya Jumatano.

Jumatano alasiri, kutoka Nairobi, walikuwa wanatangaza salamu za askari kwa Kiswahili. Mara nyingine mtangazaji alisoma majina tu, mara nyingine ilitoka sauti ya askari mwenyewe, iliyonaswa huko huko vitani, imejaa mikwaruzo lakini ni sauti ya mtu unayemjua. Habari zilienea. Wanawake wenye watoto na waume vitani wakaanza kuja, wengine kutoka Mzenga, na mikeka yao na watoto migongoni. Walikaa uani, baba akafungua dirisha na kugeuza redio iwatazame. Yeye mwenyewe alisimama karibu na betri kama daktari. Upepo ukiwa mdogo siku mbili tatu kabla, mama hakulala vizuri.

Kitu kimoja kilituchekesha sisi watoto. Mwanamke akisikia salamu ya mwanawe, alilijibu sanduku. "Marahaba, baba! Marahaba! Sisi wazima!" Alipaza sauti kabisa, na huku mtangazaji ameshapita kwa mtu mwingine. Siku moja nilicheka mpaka nikaanguka kwenye mkeka. Mama akanifinya sikio akanipeleka nyuma ya jiko. "Salamu isiyoitikiwa ni mgeni aliyeachwa mlangoni," akaniambia. "Ya kaka yako ikija, mimi nitaitikia mpaka isikike Maneromango. Na wewe utaitikia. Na atakayecheka hatakula." Tangu siku hiyo sikucheka. Nilianza na mimi kusubiri, na kusubiri kwa mtu mzima kukimwingia mtoto humchosha.

Zilipita Jumatano nyingi. Wanawake wengine wakapata salamu zao, wakarudi makwao wakiimba. Mama aliwapikia chai wenye furaha na wasio na furaha, akakunja mkeka wake. "Jumatano ijayo," alisema.

Bibi alifariki asubuhi ya siku ya upepo mkubwa. Alikuwa mgonjwa wiki nzima, miguu imevimba, na kila mtu alijua. Baba alikuwa amepanda mlingotini kupaka grisi, kwa sababu cheni ilikuwa inalia na Jumatano ilikuwa keshokutwa yake. Mama alinituma nikamwite. Nilisimama chini nikapiga kelele, "Baba, bibi anakuita!" Akajibu, "Nakuja." Nikaita tena. Akajibu, "Nakuja, namalizia." Kilio cha mama kikatoka ndani kabla hajafika chini. Alishuka vile vipande vya miti viwili viwili, na mkono wake ukiwa na grisi akaingia kwa mama yake aliyekwisha kuondoka. Nimefikiri juu ya hilo neno "namalizia" maisha yangu yote. Mwanadamu hulisema mara kumi kwa siku na halimdhuru.

Sasa lazima nimlete mtani wetu. Sisi Wazaramo tuna watani wetu Wanyamwezi, na msiba wa kwetu bila mtani haujakamilika. Kazi yake ni kuwachekesha waliao, kumsema marehemu na wafiwa bila woga, kushika kitu cha nyumba na kukizuia mpaka mfiwa akikomboe kwa kuku au kwa chochote. Na sheria yake ni moja: maneno ya mtani hayakasirikiwi. Mtani wetu alikuwa mkata mkonge wa zamani, alikuja kutoka bara kwa mkataba, akaoa hapo jirani, akabaki. Alimpenda sana bibi. Walikuwa wakitukanana kila asubuhi kwenye njia ya kisimani mpaka wote wawili wanaishiwa pumzi kwa kucheka.

Siku ya mazishi upepo haukupumzika, na pangaboi likawa linavuma juu ya vichwa vya waombolezaji. Wazee wawili wakanong'ona kwamba haipendezi, kitu kinacheza ngoma juu ya nyumba yenye maiti. Mtani hakunong'ona. Alichukua kamba ya mkonge, akapanda, akalifunga panga kwenye mlingoti kwa mizunguko mingi, kisha huko huko juu akahutubia. "Jamani! Huyu bwana ana mtoto wake wa mti anampenda kuliko mama yake! Mama anakata roho, yeye anampaka mtoto wake mafuta! Basi mtoto huyu nimemkamata. Akimtaka alete jogoo!"

Watu walicheka, kama inavyotakiwa. Hata mama alitabasamu kwenye upande wa khanga. Mimi nilimtazama baba. Alikuwa amesimama na sepetu mkononi, uso wake umekuwa wa mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. Maskini yule mtani, hakujua kwamba alikuwa amesema kweli. Kwake yalikuwa maneno tu ya msibani; angeweza kusema baba alikuwa anavuta kiko au anachuna ng'ombe. Katika uwongo wote uliokuwapo duniani siku ile, akaokota jambo lililotokea.

Siku ya tatu tukaanua tanga. Mtani akaja asubuhi akiwa na furaha zake. "Nipe jogoo wangu niufungulie upepo, bwana. Leo ni Jumatano, kina mama wanataka redio yao."

Baba akamwambia, "Litakaa hivyo hivyo mpaka arobaini ya mama yangu."

"Arobaini! Bwana, huo ulikuwa utani."

"Najua."

Mtani akatazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Mama akaenda bandani, akarudi amemshika jogoo kwa mbawa, jogoo wetu mwekundu aliyekuwa mmoja tu. Akamnyoshea. Mtani hakumpokea. "Shemeji, ningempokea kwa mikono miwili. Lakini mwenye msiba ndiye anayekomboa. Nikipokea kwako nitakuwa nimemvunjia heshima mara ya pili."

"Baba watoto," mama akasema, na jogoo anapiga mbawa mkononi mwake, "mpe. Mpe kwa mkono wako. Mwanao yuko vitani."

Baba alisema, "Yule ni mwanangu, na huyu niliyemzika ni mama yangu. Siku arobaini si nyingi." Akaingia ndani. Hakuna aliyetaka siku arobaini. Dini haikuzitaka, wazee hawakuzitaka, mtani ndiye kabisa. Alijihukumu mwenyewe, na adhabu tukaigawana wote. Mama akamrudisha jogoo bandani. Sikumwona akilia. Alichukua ufagio akafagia mahali palipokuwa safi.

Jumatano ya kwanza wanawake walikuja wakakuta kamba. Baba akawaambia kuna msiba, wakaketi wakatupa pole, wakarudi. Jumatano ya pili walikuja wachache. Ya tatu hakuja mtu. Upepo ulikuwa mzuri majuma yale, mzuri kwa namna ya kuudhi, na panga lilijitingisha kwenye kamba yake likigonga mlingoti, ko, ko, ko, mchana kutwa. Niliichukia sauti ile. Mara moja nilishika mlingoti nikakanyaga kipande cha kwanza, nikakanyaga cha pili, nikiwa na kisu cha jikoni mdomoni. Baba akatokea. Hakunikemea. Alinyosha mkono wenye vidole vitatu, nikampa kisu, nikashuka.

Siku ya thelathini na tatu, saa za mchana, tulisikia vigelegele vinakuja kwenye njia ya minazini. Alikuwa mama mdogo, ndugu yake mama, aliyekuwa ameolewa Maili Moja kwenye barabara ya Morogoro. Alikuwa amesafiri siku mbili, kipande kwa lori la mkonge na kilichobaki kwa miguu, kitenge kimejaa vumbi, kwapani amebeba kuku. Alifika uani anacheza. "Dada! Hongera, dada! Hongera shemeji! Tumemsikia mtoto! Tumemsikia kwa masikio haya!"

Mama alikuwa anatwanga. Mchi ukabaki juu.

"Jumatano iliyopita," mama mdogo akasema huku anahema na kucheka, "dukani kwa Mwarabu, redio ikataja jina lake, na la baba yake, na Vihingo, Kisarawe. Halafu sauti yake mwenyewe! Nikasema ngoja nije nifurahi nanyi. Mmefanya sherehe gani?"

Akaanza kututazama mmoja mmoja, kisha akatazama juu, akaiona kamba.

"Alisemaje?" mama akauliza.

Na hapo mama mdogo akaanza kulia. Hakujua alisemaje. Aliposikia jina alipiga kelele za furaha, akaruka, akamwaga kibaba cha mchele wa watu. Duka zima likawa linamnyamazisha, na alipotulia alikuwa ameshaingia askari mwingine, mtu wa Lindi. Alikuwa na hakika ya kitu kimoja tu, kwamba sauti ilikuwa ya kijana wetu na kwamba haikuwa sauti ya mgonjwa.

Baba alikwenda mlingotini. Alipanda bila haraka, akaikata kamba mwenyewe, bila jogoo na bila mtani. Panga likaanza kuzunguka palepale. Alishuka, akamkuta mama amesimama chini. Nilidhani mama atamwambia neno ambalo baba hatalisahau, na kusema kweli nilitaka aliseme. Nilikuwa na hasira ya kutosha watu wawili. Mama akasema kwa sauti ya kawaida, "Salamu ya mwanangu imefika mlangoni kwangu, ikagonga, ikakosa mtu." Kisha akarudi kumalizia kutwanga, kwa sababu mgeni alikuwa hajala.

Betri nayo ilikuwa imeharibika. Betri iliyoachwa tupu hufanya ganda jeupe ndani, na hata ukiipa umeme inapokea kidogo, inatoa kidogo zaidi. Baba aliihangaikia, akabadilisha tindikali, akaiongezea maji ya mvua aliyoyachuja. Majuma matatu baadaye redio ilisema tena. Akamwandikisha mwalimu barua kwenda Nairobi kuomba warudie salamu ile. Sijui kama ilifika. Tuliketi Jumatano zote, baba karibu na betri, mama mkekani, na waliitazama redio tu, walikuwa hawatazamani.

Kabla mwaka haujaisha alikuja tarishi kutoka bomani na barua yenye muhuri. Kaka alikuwa amekufa huko Burma. Tulimsomea hitima bila kaburi. Mtani wetu alikuja akakaa pembeni tangu asubuhi hadi jioni, hakufungua mdomo, na msiba ambao mtani hana la kusema ni mbaya kuliko yote niliyowahi kuhudhuria. Pangaboi lilizunguka siku zote za tanga. Hakuna mzee aliyethubutu kulitaja.

Vita vilipokwisha, askari wakaanza kurudi kidogo kidogo na makoti yao mazito. Mmoja akaja kwetu, kijana wa Mzenga aliyekuwa kikosi kimoja na kaka. Wazazi walikuwa bado shambani. Nikamkaribisha, nikampa maji, na kabla hajamaliza kunywa nikamwuliza jambo pekee lililokuwa likiulizwa nyumbani kwetu kimoyomoyo: siku aliyosema redioni, alisema nini?

Akaweka kata chini. Akaniambia kwamba walipangwa mstari mbele ya gari lenye mashine ya kunasa sauti. Ofisa alishika saa. Kila mtu nusu dakika. Mkono wa ofisa ukishuka, umekwisha. "Wengine walikuwa wajanja," akasema, "waliruka moja kwa moja kwa wanaowataka. Kaka yako hakuweza. Alijitaja, akataja baba yake, akataja Vihingo. Kisha akaanza kwa mkubwa. Shikamoo bibi. Akanyamaza kidogo, kama anayesubiri aitikiwe. Miguu inaendeleaje, bibi? Akanyamaza tena. Shikamoo baba, mkono haukuumi siku hizi? Pangaboi linazunguka vizuri? Shikamoo mjomba. Akawasalimu wazee wa Vihingo. Akavuta pumzi, na mkono wa ofisa ukashuka."

"Na mama?"

"Hakumfikia. Alitoka pale akigombana na ofisa, anamwambia, Sijafika kwa mama yangu, bwana, nipe neno moja tu. Ofisa akamwita anayefuata. Siku nzima ile hakula."

Aliniuliza afanye nini, kwa kuwa mama lazima atauliza, na yeye kusema uwongo juu ya marehemu hawezi. Nikamwambia aniachie mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilijiona nina akili kuliko watu wote wa nyumba ile. Nilipika ugali na mchuzi wa kunde nikifikiria uwongo wangu, nikaupamba, nikaupenda.

Baba na mama walirudi. Kijana akawaamkia, akapewa pole na shukrani, wakanawa mikono. Baba akaketi kula naye, mama akakaa kando na chungu. Alimwacha mgeni ale matonge matatu, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Kisha akamwuliza, "Mwanangu, ulikuwapo siku aliyosema redioni?"

"Nilikuwapo, mama."

"Alisemaje?"

Kijana akashika tonge, halikwenda mdomoni. Nikadakia. "Ameshanieleza, mama. Alianza na wewe. Neno la kwanza kabisa lilikuwa, Shikamoo mama."

Baba aliacha kutafuna. Mama alinitazama, na kwa muda uso wake ulifunguka, nikasema moyoni nimeweza. Kisha kitu kikasimama machoni pake.

"Alianza na mimi?" akauliza polepole. "Na bibi yake akamweka wapi?"

Nilikuwa nimefikiria kila kitu, ila sikufikiria kwamba mama alimjua mtoto aliyemlea. Kaka alikwenda vitani bibi akiwa hai, na hata angeahidiwa pepo asingemruka bibi yake kumsalimu mama. Mama aliondoa macho kwangu, akamtazama yule askari. Askari akainamisha kichwa juu ya sahani.

"Muda haukutosha, mama," akasema. "Alikuwa anakuja kwako."

Mama akachukua upawa, akamwongezea mgeni mchuzi, na hakumwaga hata tone. Akaufunika mchuzi. Kisha akageuza uso kwenye mlango uliokuwa wazi, uani hapakuwa na mtu, akaita kwa sauti kubwa, sauti ambayo ingesikika ng'ambo ya bonde.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akatulia kidogo. "Marahaba."